Soma Chipu Kwanza, Ndipo Upakue Quartus

"Shikamoo kaka. Nimekesha na bando la usiku, nimeshusha GB 6, nimesakinisha hadi mwisho, lakini chipu ya bodi yetu haimo kwenye orodha. Nifanyeje?"

Ujumbe wa namna hii huniingia kila muhula unapoanza, hasa wiki ile ambayo wanafunzi wa uhandisi wa umeme au wa kompyuta wanaambiwa kwamba labu ya mifumo ya dijitali inaanza Jumatatu na kila mtu aje na Quartus, programu ya kuchorea saketi na kuzipakia kwenye chipu ya bodi, kwenye laptop yake. Nami humjibu kwa swali: kwenye bodi yenu, juu ya ile chipu kubwa ya katikati, pameandikwa nini? Wengi hawajui. Wametajiwa jina la programu, hawakutajiwa jina la chipu, na usumbufu karibu wote unaofuata unatokana na hapo.

Tuanze na chipu, basi. FPGA ni chipu inayotoka kiwandani ikiwa haijapangiwa kazi. Ndani yake mna maelfu ya vipande vidogo vya mantiki, na katikati yao mtandao wa nyaya zenye viungio vinavyoweza kufungwa au kuachwa wazi. Wewe unachora saketi kwenye skrini: geti mbili za AND (hutoa 1 ingizo zote zikiwa 1) hapa, flip-flop moja (kijikumbukumbu cha biti moja) pale, waya kutoka huku kwenda kule. Programu inauchukua mchoro wako, inatafuta vipande gani vya ndani ya chipu vifanye kazi hiyo, kisha inaamua viungio gani vifungwe. Ili iweze kufanya hivyo ni lazima iwe na ramani kamili ya tumbo la chipu hiyohiyo uliyonayo mezani. Ramani ya familia ya chipu iitwayo MAX 10 haifai kwa familia ya Cyclone IV, hata kama zote mbili zimetoka kwa kampuni moja. Ndiyo maana programu hizi ni nzito: sehemu kubwa ya zile GB ni ramani za chipu ambazo hutazigusa hadi unahitimu.

Jina moja, programu nne

Jambo la pili linalowachanganya watu ni kudhani Quartus ni programu moja kama Word. Ukiitazama vizuri utakuta humo mna kazi nne tofauti. Kuna sehemu ya kuchorea, ambayo hutoa faili zenye mkia wa .bdf. Kuna kompaila, inayougeuza mchoro kuwa mpangilio wa ndani ya chipu. Kuna simuleta ya kujaribia saketi kabla hujagusa bodi. Hii imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa na husakinishwa pembeni. Na kuna sehemu ya kupakia matokeo kwenye bodi kwa kebo ya USB, ambayo haifanyi lolote mpaka draiva yake ikubaliwe na kompyuta.

Kila sehemu hukwama kwa namna yake. Mtu akiniambia "Quartus haifanyi kazi" simwelewi, kama ambavyo fundi hakuelewi ukimwambia gari haiendi. Mchoro unafunguka? Kukompaili kunafika mwisho? Simulesheni ndiyo inayogoma, au ni bodi isiyoonekana? Ukishajua ni ipi kati ya hizo nne, nusu ya kazi imekwisha, na huna sababu ya kufuta kila kitu na kuanza upya. Kwa bahati mbaya hiyo ndiyo dawa ya kwanza ambayo wanafunzi hupeana kwenye makundi ya WhatsApp.

Kusoma maandishi ya chipu

Chukua bodi ya DE10-Lite ya Terasic, ambayo vyuo vingi duniani huitumia kufundishia. Juu ya chipu yake pameandikwa 10M50DAF484C7G. Inaonekana kama namba ya siri ya vocha, lakini kila kipande kina maana. 10M ni familia ya MAX 10. 50 ni ukubwa: takribani vipande elfu 50 vya mantiki. DA ni aina ya umeme na huduma za ziada, ikiwemo sehemu ya kupimia volti. F484 ni umbo la kifuko chenye miguu 484. C ni kiwango cha joto cha matumizi ya kawaida. 7 ni daraja la kasi, na hapa mambo yamegeuzwa: namba ndogo ndiyo yenye kasi zaidi. G ya mwisho inahusu solda isiyo na risasi.

Unapoanzisha mradi mpya utaulizwa chipu, na orodha itakuletea majina kadhaa yanayofanana kama mapacha. Ukikosea herufi moja, kompaila huenda isikulalamikie. Itakompaili vizuri tu kwa ajili ya chipu ambayo huna. Mara nyingi utakuja kugundua wakati wa kupakia, bodi inapokataa.

Mtego mwingine: usidhani namba iliyo baada ya F ni idadi ya miguu siku zote. Bodi ya DE2-115 ina EP4CE115F29C7, na hiyo F29 ni upana wa kifuko, milimita 29 kwa 29; miguu yake ni 780. EP4CE ni Cyclone IV E, na 115 ni vipande elfu 115 vya mantiki.

Kisha kuna mzee wa kabati, DE2 ya kawaida isiyo na 115. Bado ninaikuta maabara, imara, swichi zake zimesuguliwa na mikono ya vizazi. Ina EP2C35F672C6, yaani Cyclone II. Kijana aliyeniandikia usiku ule alikuwa na bodi hii. Alishusha toleo jipya lenye kila ramani, naye akatarajia la zamani limo. Halimo. Toleo la mwisho kuitambua Cyclone II ni Quartus II 13.0 lenye Service Pack 1, na la mwisho kwa Cyclone III ni 13.1. Matoleo ya baadaye yaliziacha familia hizo, kwa hiyo hata ukishusha GB 100 hutazipata. Kwa bodi ya zamani unatakiwa ushuke nyuma kwa makusudi, uchukue 13.0 SP1 la bure, lililoitwa Web Edition.

Majina nayo yana kelele yake. Altera iliyoanzisha programu hii ilizaliwa mwaka 1983. Intel waliinunua mwaka 2015 kwa dola bilioni 16.7, na mwaka huohuo Quartus II ikabatizwa Quartus Prime. Mwaka 2025 Intel wakauza asilimia 51 ya Altera kwa kampuni ya uwekezaji ya Silver Lake. Ndiyo maana video moja ya mafunzo itakuonyesha folda ya C:\altera na nyingine C:\intelFPGA_lite, na ukurasa ulioelekezwa na mwalimu wako utakuwa umehamia kwingine. Ni programu ileile. Mwenye nyumba ndiye anayebadilika.

Ukifika kwenye ukurasa wa kupakulia utakuta aina tatu: Lite, Standard na Pro. Unayoihitaji ni Lite. Haina malipo, haihitaji leseni, na inazitambua MAX 10, Cyclone IV na Cyclone V za bodi za kufundishia. Nimeshawaona watu wakichagua Pro kwa sababu jina lina hadhi, wakamaliza bando la mwezi, wakagundua kwamba Pro ni ya chipu kubwa za viwandani na hizo za labu haizitambui kabisa. Wengine hununua "iliyokrakiwa" kwenye flash. Kukraki kitu kinachogawiwa bure ni kujitafutia virusi kwa pesa yako mwenyewe.

Kuipata bila kumaliza bando

Ukurasa wa kupakulia hukupa njia mbili: furushi zima, ambalo kwa toleo la 20.1 ni karibu GB 6, au faili mojamoja. Chukua faili mojamoja. Unahitaji tatu tu: Quartus yenyewe, simuleta, na faili ya ramani ya familia ya chipu yako, yenye mkia wa .qdz. Ile ya MAX 10 ni mamia machache ya MB. Ziweke zote tatu kwenye folda moja kabla ya kuanza, kwa sababu kisakinishi hutafuta .qdz mahali kilipo chenyewe. Isipokuwepo hapo, kitaendelea kama hakuna kitu, na utamaliza ukiwa na Quartus isiyo na chipu hata moja. Ikishatokea usifute kitu. Ndani ya menyu ya Tools kuna sehemu ya kuongezea chipu, ielekeze tu ilipo faili ya .qdz.

Njia ya nafuu zaidi ni mmoja darasani apakue, wengine wapewe kwa flash. Hapa kuna kikwazo ambacho hakuna anayekitaja. Flash nyingi za dukani zimewekewa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. Utaambiwa faili ni kubwa mno ilhali flash ni ya GB 32 na iko tupu. Ibadilishe iwe exFAT, ukikumbuka kwamba kubadilisha kunafuta vilivyomo, au rudi kwenye zile faili ndogondogo.

Na faili ikishapita mikono mitano, ihakiki kabla ya kuisakinisha. Ukurasa wa kupakulia huonyesha alama ya SHA1 ya kila faili, mithili ya alama ya kidole. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA1, ulinganishe herufi kwa herufi. Dakika mbili. Faili iliyokatika njiani haisemi kwamba imekatika. Husakinisha hadi asilimia 80 ndipo ikufie mikononi.

Wakati wa kusakinisha iache ikae pale inapopendekeza, moja kwa moja chini ya C:. Miradi yako pia usiiweke Desktop. Mtu ambaye jina lake la mtumiaji kwenye Windows lina nafasi katikati, mathalani "Baba Juma", miradi yake yote ya Desktop inakuwa na nafasi kwenye njia ya folda, na simuleta ikikutana na nafasi hiyo hutoa makosa yasiyofanana kabisa na chanzo chake. Tengeneza C:\labu, ndani yake labu1, labu2, kila mradi na folda yake. Faili kuu ya mchoro nayo iitwe labu1, sawasawa na ulivyouambia mradi. Majina yasipooana utapata kosa namba 12007, ambalo kwa Kiswahili cha kawaida linasema: umeniambia saketi kuu inaitwa hivi, nami siioni.

Laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 4 itaivumilia MAX 10 au Cyclone IV ndogo, polepole. Cyclone V inataka GB 6 hadi 8. Wenye Mac wajue mapema kwamba hakuna Quartus ya macOS. Watafute kompyuta ya Windows au Linux ya kushirikiana.

Simulesheni, na leseni yake

Hapa ndipo maelekezo ya labu yanayorithishwa mwaka hadi mwaka hukaa vibaya. Hadi toleo la 9.1 Quartus ilikuwa na simuleta yake ya ndani. Unachora mawimbi ya ingizo, unabonyeza, mawimbi ya tokeo yanajichora. Kuanzia 10.0 iliondolewa. Makaratasi yaliyoandikwa kabla ya hapo bado yanatolewa fotokopi, na mwanafunzi anatafuta kitufe ambacho kiliondoka yeye akiwa mtoto mdogo.

Badala yake ikaja ModelSim. Hadi toleo la 20.1.1 la Quartus Lite, ModelSim ya kuanzia ilikuja bure bila kuuliza chochote. Kuanzia 21.1 nafasi yake imechukuliwa na Questa. Nayo ni bure, ila inadai faili ya leseni: ujisajili kwenye tovuti, utaje namba ya kadi ya mtandao ya kompyuta yako, utumiwe faili kwa barua pepe, uihifadhi, kisha uiambie Windows ilipo. Inaisha baada ya mwaka. Leseni ya rafiki yako haitafanya kazi kwako, kwa sababu imefungwa kwenye namba ya kadi ya mtandao wake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa darasa linaloanza, lenye bodi ya MAX 10 au Cyclone IV, ni 20.1.1. Upya wa toleo haukuongezei alama, na kumkwepesha mtu leseni kunampa muda wa kuchora saketi.

Jua pia kwamba ModelSim haisomi mchoro. Inasoma VHDL na Verilog tu, lugha za maandishi. Una njia mbili: kuigeuza .bdf kuwa faili ya maandishi kupitia menyu ya File, au kutumia kihariri cha mawimbi chenye faili za .vwf, ambacho hukufanyia ubadilishaji huo kimyakimya. Hicho cha pili kinahitaji kuonyeshwa ModelSim iko wapi. Kwenye Windows, kwa 20.1, ni C:\intelFPGA_lite\20.1\modelsim_ase\win32aloem, nawe huandika njia hiyo kwenye mipangilio ya zana za nje. Na kosa likikutajia -novopt, fungua mipangilio ya simulesheni, lifute neno hilo kwenye mstari wa amri, ujaribu tena. Sioni haja ya kujua zaidi ya hapo mwaka wa pili.

Bodi isiyoonekana

Umechora, umekompaili, umechomeka bodi, taa za bodi zimewaka, lakini dirisha la kupakia linasema hakuna kifaa. Taa kuwaka maana yake umeme umefika tu. Fungua orodha ya vifaa vya Windows. Utaikuta USB-Blaster, yaani kifaa cha kupakilia kilicho kwenye bodi, ina alama ya njano. Draiva haikusakinishwa pamoja na Quartus, ingawa faili zake zimo tayari ndani ya folda ya quartus\drivers. Iambie Windows isasishe draiva kwa kutafuta ndani ya kompyuta yenyewe, uielekeze kwenye folda hiyo. Kwenye Linux shida ni ya ruhusa: andika kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayosimamia vifaa) kwa kifaa 09fb:6001, la sivyo ni msimamizi wa mfumo peke yake atakayeiona bodi. Amri ya jtagconfig itakuambia kama umefaulu.

DE10-Lite inatumia kebo nene ya aina ya printa, kwa hiyo kebo si mtuhumiwa sana. DE0-Nano inatumia mini-USB, na huko nimeshapoteza saa nzima kwa kebo ya kuchajia isiyo na nyaya za data.

Kilichobaki ni pini. Kompaila haijui swichi ya kwanza imeungwa mguu gani wa chipu. Usipoiambia itachagua yenyewe, itoe onyo ambalo hakuna anayelisoma, na bodi ikae kimya. Kwenye DE10-Lite swichi SW[0] iko PIN_C10, SW[1] iko PIN_C11, na taa LEDR[0] iko PIN_A8. Usijaze moja moja kwa mkono pini zote. Terasic hutoa faili ya .qsf yenye orodha nzima, unaiingiza mara moja, mradi majina kwenye mchoro wako yafanane na ya kwake. Ukichora swichi zote kumi kama furushi, andika SW[9..0], nukta ikifuatwa na nukta kwenye mstari. Alama ya nukta pacha (:) ni ya Verilog, na mchoro hauielewi.

Usishtuke ukiona taa ambazo hukuzitumia zikiwaka hafifu. Pini zilizoachwa huvutwa juu kidogo. Vitufe vya KEY navyo hutoa 0 vinapobonyezwa, na vipande vya onyesho la tarakimu huwaka kwa 0, kwa hiyo onyesho lako likitoka kinyumenyume saketi yako huenda ni nzima. Na kile ulichopakia kwa faili ya .sof hufutika bodi ikizimwa. MAX 10 ina kumbukumbu ya ndani inayobaki. Hiyo huipata kwa faili ya .pof.

Wasio na laptop ya kutosha, na walio upande wa Xilinx

Kama wiki za mwanzo ni za geti na flip-flop tu, huhitaji haya yote. Digital, iliyoandikwa na Helmut Neemann wa Ujerumani, na Logisim-evolution zinatosha. Unachora, unabonyeza swichi kwa kipanya, waya inabadilika rangi papo hapo. Kwa kujifunza mantiki nazipenda kuliko Quartus. Digital inataka Java iwepo kwenye kompyuta. Vifurushi vya Logisim-evolution huja na Java yake ndani. Zote mbili hukimbia hata kwenye Mac. Angalia tu usichukue Logisim ya asili ya Carl Burch, ambayo yeye mwenyewe aliacha kuiendeleza mwaka 2014. Digital inaweza pia kukutolea Verilog au VHDL ya mchoro wako, ukaichukua hadi kwenye kompyuta ya maabara yenye Quartus.

Bodi yenye chipu ya Xilinx, kampuni nyingine ya FPGA, kama Basys 3 yenye Artix-7, inataka programu ya upande huo, Vivado, ambayo ni makumi ya GB. Unapoisakinisha ondoa tiki kwenye familia zote uiache Artix-7 pekee. Ujue kabisa kwamba Vivado haina ubao wa kuchorea geti mojamoja; michoro yake inaunga moduli zilizokwisha tengenezwa. Kuchora geti kulikuwa kwenye ISE, programu ya Xilinx iliyotangulia Vivado, ambayo toleo lake la mwisho, 14.7, ni la mwaka 2013.

Kwa wa Quartus, jaribio la kwanza lisiwe kihesabu wala saa ya dijitali. Chora geti moja ya AND, ingizo mbili SW[0] na SW[1], tokeo LEDR[0]. Kompaili, soma maonyo ya pini, pakia. Sogeza swichi moja juu, taa ibaki imezimwa. Sogeza na ya pili. Ikiwaka, sehemu zote unazozihitaji kwa labu ya kwanza zinafanya kazi, na kosa litakalokuja baada ya hapo huenda ni la saketi yako.